Bosi Akisema "Ni Kama Bomba Tu": Utani wa Madevelopa na Pesa Zako

Ukiwauliza watu wanaounda programu za kompyuta na simu ni nini huwachekesha kazini, wengi hawataanza na kompyuta. Wataanza na bosi. Tena wataanza na ile siku bosi aliposimama mbele ya mkutano akasema kuhamia mfumo mpya "ni kama kubadilisha tairi la matatu likiwa barabarani tu," kisha akawatazama wote kana kwamba kazi imekwisha. Huko nyuma, mmoja anamwandikia mwenzake kwa simu: "Abiria washuke ama wabaki?" Mwenzake anajibu: "Wabaki. Makanga ndiye atashika jeki."

Utani wa namna hii ni wa zamani katika kazi ya kompyuta, na mwendo wake ni ule ule. Mkubwa hajui mambo ya ndani ya mfumo, kwa hivyo anatafuta kitu anachokijua, kama gari, nyumba, bomba au shamba, na kusema mfumo unafanana nacho. Fundi anauchukua mfano huo na kuufuata hatua kwa hatua mpaka uvunjike. Pale unapovunjika ndipo watu wanacheka.

Sasa, hii inakuhusu vipi wewe unayelipia unga kwa simu na kutuma karo nyumbani? Inakuhusu sana. Huduma ya pesa kwa simu imejaa mifano ya aina hiyo hiyo. Tunasema "pochi." Tunasema "kutuma." Tunasema PIN ni "ufunguo." Mifano hii inasaidia, lakini kila mmoja una mahali unapovunjika. Ukivunjikia mkutanoni, watu hucheka. Ukivunjikia kwenye akaunti yako, pesa huenda.

Kwa hivyo tuanze na vicheko vya madevelopa, halafu tuje kwa pesa zako.

Seneta na mabomba yake

Kisa kinachojulikana zaidi si cha bosi wa ofisi bali cha mkubwa wa serikali. Tarehe 28 Juni 2006, Ted Stevens, seneta wa jimbo la Alaska huko Marekani, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya Seneti iliyoshughulikia mambo ya mawasiliano. Kamati ilikuwa ikijadili kama kampuni zinazosafirisha intaneti zizuiwe kupendelea wateja fulani na kuwachelewesha wengine. Stevens alipinga kizuizi hicho, na ili aeleweke, akatoa mfano. Intaneti, alieleza, si lori unalolipakia mizigo upendavyo. Ni mabomba yaliyounganishwa, na yakijaa, ujumbe wako unapanga foleni. Akatoa na ushahidi: ujumbe ambao ofisi yake ilituma Ijumaa ulimfikia Jumanne.

Watu wa kompyuta walicheka mpaka machozi. Mabomba yakaingia kwenye fulana, kwenye nyimbo za mzaha na kwenye kipindi cha Jon Stewart cha televisheni. Hadi leo, ukitaja mabomba mbele ya devela mkongwe, atatabasamu.

Lakini kulikuwa na waliotulia kidogo. Edward Felten, mwanasayansi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Princeton, aliandika kwamba mfano wenyewe haukuwa wa kuchekwa hivyo. Wahandisi wenyewe huita njia za mawasiliano mabomba, na ni kweli njia ikijaa data hupanga foleni.

Basi kosa lilikuwa wapi? Lilikuwa pale mfano ulipopewa kazi usiyoiweza. Njia ya intaneti iliyojaa kwa kawaida huchelewesha data kwa sehemu za sekunde, au sekunde chache. Barua pepe ikikaa siku nne, mara nyingi imekwama kwenye kompyuta ya kupokea barua, na hata ukitandaza mabomba mapya mpaka Alaska haitafika mapema. Bomba lilieleza foleni vizuri. Halikueleza ile barua ya Ijumaa. Na hoja kuhusu sheria ikajengwa juu ya ile barua.

Bosi wa nywele za pembe

Utani wa maofisini ulikuwa umeanza kabla ya Stevens. Mwaka 1989 Scott Adams, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Pacific Bell huko California, alianza kuchapisha katuni za Dilbert. Dilbert ni mhandisi. Bosi wake hana jina. Anatambulika kwa nywele mbili zilizosimama kama pembe, na kwa kuongea juu ya teknolojia asiyoielewa. Wahandisi walikata katuni hizo kwenye gazeti wakazibandika kwenye kuta za madawati yao, mahali ambapo bosi wao halisi angepita na kuziona.

Mwaka 1993, Tom Davis, mwanasayansi wa kampuni ya Silicon Graphics, alitengeneza mchezo uliosambaa kila mahali. Unachukua karatasi yenye vyumba kama ya bingo, lakini badala ya namba, kila chumba kina neno la kibosi. Unaingia nayo mkutanoni. Mkubwa akitamka neno, unaweka alama. Ukijaza mstari mzima, umeshinda. Mwaka 1994 mchezo huo ukaingia hata kwenye Dilbert.

Kama ungetengeneza karatasi hiyo hapa Nairobi leo, chumba cha kwanza pengine kingekuwa "wingu." Kila kitu sasa kiko kwenye wingu. Madevelopa wana mzaha wao kuhusu hilo, na wengi huubandika nyuma ya laptopu: hakuna wingu, ni kompyuta ya mtu mwingine. Chumba cha pili kingekuwa "barabara kuu." Mfumo ukiwa pole, mtu lazima aseme tuongeze leni kama Thika Road. Ndipo fundi anauliza kimoyomoyo: "Na tukifika Pangani?"

Ukisikiliza vizuri, swali hilo la Pangani si mzaha mtupu. Leni nyingi hazisaidii kama zote zinaishia kwenye mlango mmoja mwembamba. Katika kompyuta ni vivyo hivyo: unaweza kununua seva kumi mpya, lakini kama zote zinangoja daftari moja kuu liwajibu, foleni itabaki pale pale. Aliyecheka ndiye aliyejua mlango mwembamba uko wapi.

Mifano ambayo hawakuicheka

Si kila mfano huchekwa. Mingine wahandisi wameishika kama methali, na inafaa tuone kwa nini.

Fred Brooks alikuwa mwenyewe meneja. Miaka ya 1960 alisimamia pale IBM utengenezaji wa OS/360, mojawapo ya kazi kubwa kabisa za programu za wakati huo. Mwaka 1975 alitoa kitabu, The Mythical Man-Month, akaeleza alichojifunza: kazi ya programu ikichelewa, ukiongeza watu inachelewa zaidi, kwa sababu wageni wanahitaji kufundishwa, na kadiri watu wanavyozidi ndivyo muda wa kuelewana unavyozidi. Mfano wake ulikuwa wa mimba. Mtoto huchukua miezi tisa, hata ukikusanya wanawake wangapi. Ukimwambia hivyo bosi anayetaka kuajiri watu tisa ili kazi iishe mwezi mmoja, haitaji maelezo zaidi.

Mfano wa pili ni wa Ward Cunningham. Mwaka 1992 alikuwa katika kikundi kilichounda programu ya kusimamia uwekezaji. Alimweleza bosi wake hivi: kutoa programu haraka kabla hatujaielewa vizuri ni kama kukopa. Mkopo unakusonga mbele upesi, na hakuna ubaya ukilipa mapema kwa kurudi kusafisha kazi. Usiporudi, riba inaanza, na kila badiliko dogo baadaye linakula muda mwingi zaidi. Yeyote aliyewahi kuchukua mkopo wa simu na kuukopea mwingine kuulipa anaelewa hapo bila kufundishwa kompyuta.

Kwa nini mifano hii miwili haikuchekwa? Kwanza, inafanana na jambo lenyewe pale panapohusika: mimba na muda, mkopo na riba. Pili, kila mmoja unamwambia bosi afanye nini. Usiongeze watu. Lipa deni. Tatu, na hili ndilo kubwa, hakuna hata mmoja uliofanya kazi ionekane ndogo kuliko ilivyo.

Sasa rudi kwa ile mifano inayochekwa. "Ni kama kubadilisha tairi tu." "Ni kuongeza kitufe tu." "Ni kupaka rangi tu." Neno linalowafanya madevelopa waangaliane ni lile dogo la mwisho: tu. Mfano wa kuchekesha mara nyingi ni ule unaoitwa ili upunguze uzito wa jambo. Ukisikia "ni kama kitu fulani tu," chunga hilo "tu." Huko ndiko mfano unakovunjikia.

Basi tuichukue mifano minne ya pesa za simu, tuifuate kama madevelopa wanavyofuata ya bosi, tuone inavunjikia wapi.

"Simu yako ni pochi tu"

Pochi ni mfano mzuri. Ina salio, unaweka, unatoa, ikiisha imeisha. Lakini pochi ya ngozi ina pesa ndani yake. Simu haina hata shilingi.

Kilicho kwenye simu ni mlango wa kuangalia daftari lililo mbali. Mbali kiasi gani? M-PESA ilianza Kenya mwezi Machi 2007, na mpaka 2015, mwaka ambao Safaricom ilileta seva zake nyumbani, mashine zilizoshika daftari hilo zilikuwa Ujerumani. Fikiria: muuza nyanya wa Gikomba akilipwa na jirani wa meza ya pili, hesabu yao ilikuwa inafanywa Ulaya. Wala pesa halisi hazikuwa Ulaya. Shilingi zenyewe hukaa benki, katika akaunti ya amana iliyotengwa kwa ajili ya wateja. Kanuni za mfumo wa malipo za Kenya za 2014 zinadai pesa za wateja zishikwe hivyo, mbali na pesa za matumizi za kampuni.

Mfano wa pochi unavunjika mara mbili, na mara zote mbili ni muhimu kwako.

Mara ya kwanza ni kwa faida yako. Pochi ikiibwa, pesa zimeenda. Simu ikiibwa, pesa bado ziko kwenye daftari. Usiketi kulia, usingoje kesho. Azima simu ya mtu, piga huduma kwa wateja, funga laini na akaunti. Kisha nenda na kitambulisho ukapate laini mpya yenye namba yako ile ile. Salio lako litakuwa linakungoja.

Mara ya pili ni kwa hasara yako. Ili mtu aibe pochi lazima akukaribie, kwenye stage au kwenye basi. Ili aingie kwenye daftari, si lazima awe karibu. Anaweza kuwa kaunti nyingine kabisa, mradi umempa PIN, au mradi amefanikiwa kuhamishia namba yako kwenye laini yake. Kwa hivyo ukiona laini yako imekosa mtandao ghafla na ya jirani wa mtandao huo huo inafanya kazi, usidhani tu ni simu mbovu. Piga kwa simu nyingine uulize.

"Ni kutuma tu"

Neno "kutuma" linatufanya tuone pesa zikisafiri. Zikichelewa tunasema zimekwama njiani. Madevelopa wa mifumo ya malipo wakisikia hivyo huulizana, "Zimekwama wapi, Mai Mahiu?"

Hakuna njia. Ukimtumia dada yako shilingi 1,000, daftari linaandika mistari miwili: kwako inapungua 1,000, kwake inaongezeka 1,000. Mistari hiyo miwili lazima iandikwe yote, au usiandikwe hata mmoja. Stima ikipotea katikati, mfumo unafuta ule wa kwanza na kurudi ulipokuwa.

Jim Gray, mmoja wa watu walioweka msingi wa kazi hii na aliyepata Tuzo ya Turing ya 1998, alieleza jinsi kompyuta zaidi ya moja zinavyokubaliana juu ya muamala kwa mfano wa harusi. Anayefungisha ndoa anamuuliza mmoja, wakubali? Anamuuliza wa pili, wakubali? Wote wakisema ndiyo, anatangaza, na kuanzia hapo wote wawili wameoana. Mmoja akisita, hakuna ndoa kwa yeyote. Haiwezekani mmoja awe ameoa na mwenzake hajaolewa. Huo nao ni mfano ambao wahandisi hawakuucheka.

Mfano wa harusi unakueleza mambo mawili ambayo mfano wa safari hauwezi kukueleza.

La kwanza: ukituma kwa namba isiyo sahihi, huwezi kukimbilia pesa zizuiwe njiani, kwa sababu ndoa imeshatangazwa. Kinachobaki ni kuomba muamala urudishwe, na hilo linawezekana kwa urahisi kama aliyepokea hajazitumia. Ndiyo maana dakika ni muhimu. Omba mara moja kupitia njia rasmi. Na kabla ya hapo, jina la mpokeaji linapotokea kwenye skrini, lisome. Hapo ndipo unapoulizwa "wakubali?" Watu wengi hubonyeza ndiyo wakiwa wanaongea na mtu mwingine.

La pili: ukitoa pesa kutoka akaunti ya simu kwenda benki, kuna madaftari mawili ya taasisi mbili. Daftari moja limeuliza, la pili bado halijajibu. Ukiona muamala "unasubiri," haujakwama barabarani. Anayefungisha ndoa anangoja jibu. Mtu akiamini pesa zimekwama njiani, anatuma tena. Baadaye jibu linakuja, na amelipa karo mara mbili. Kabla ya kurudia malipo yoyote, angalia salio na orodha ya miamala kwanza.

"PIN ni ufunguo tu"

Huu ndio mfano unaoumiza watu zaidi. Ufunguo wa nyumba unaweza kumwachia jirani. Unaweza kumpa mtoto akafungue. Ukirudishiwa, uko nao wewe tena. Kwa hivyo mtu aliyeambiwa PIN ni ufunguo haoni ubaya kumnong'onezea wakala, mpenzi au mjukuu.

PIN hairudi. Ukimwambia mtu leo, anaijua kesho. Tena ufunguo hauandiki jina la aliyefungua mlango, lakini PIN inaandika. Daftari likiona PIN sahihi linaandika kwamba ni wewe, hata kama ni mtoto wa shangazi. Ukilalamika baadaye, rekodi itasema mwenye akaunti alithibitisha.

Wahandisi wa usalama wana mfano wao: PIN ni kama mswaki. Haumwazimi mtu, hata unayempenda. Na ukigundua mtu ameutumia, huoshi ukaendelea; unabadilisha.

Na nyanya kijijini ambaye haoni vizuri? Hapa mswaki bado unafaa. Msaidie mpaka sehemu ya PIN, kisha mpe simu abonyeze mwenyewe, hata ikichukua muda. Muongezee ukubwa wa maandishi kwenye simu. Na PIN yake isiwe mwaka wake wa kuzaliwa, maana mwaka huo uko kwenye kitambulisho anachomwonyesha kila wakala.

"Meseji ikiingia, pesa imeingia tu"

Mfano wa mwisho hausemwi kwa sauti, lakini wengi wetu tunauishi. Tunachukulia meseji kama noti: ikiingia tumelipwa, isipoingia hatujalipwa.

Meseji ni barua inayotoka kwenye daftari kukupa habari. Inapita njia yake, na inaweza kuchelewa huku pesa zimeshaandikwa kwako. Mwenye duka anamzuia mteja nusu saa kwenye kaunta, kumbe alilipwa zamani. Na kinyume chake ni kibaya zaidi: mtu yeyote mwenye simu anaweza kuandika maneno yanayofanana na meseji ya malipo na kukutumia. Maneno yamo, namba ya muamala imo, lakini daftari halijui chochote.

Dawa ni moja kwa zote mbili. Soma daftari, si barua. Angalia salio, au orodha ya miamala, kabla ya kutoa mzigo. Na mtu akipiga simu akisema "nimekutumia kimakosa, nirudishie," usimtumie wewe mwenyewe. Angalia salio. Hata kama pesa zimeingia kweli, mwambie aombe kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja. Mtu mkweli hatapoteza chochote kwa njia hiyo.

"Tu" ya tapeli

Utakuwa umegundua kitu kufikia hapa. Matapeli pia wanaongea kwa mifano, na wanalipenda sana lile neno dogo. "Ni kuthibitisha tu." "Nisomee hiyo namba iliyoingia kwa simu tu." "Bonyeza moja tu, mambo mengine tutafanya sisi." Kazi ya "tu" ni ile ile ya mkutanoni: kufanya jambo zito lionekane jepesi ili usiulize swali. Tofauti ni kwamba bosi kwa kawaida hajui uzito wake. Tapeli anaujua.

Devela akisikia "ni kitufe tu," haamini mpaka afuate: kitufe kikibonyezwa, nini kinatokea? Kinaandika wapi? Nani anaweza kukibonyeza? Fanya hivyo hivyo na simu yako. Mtu akikueleza jambo la pesa kwa mfano, awe tapeli, wakala, rafiki, hata sisi wenyewe, muulize au jiulize maswali matatu:

1. Hiki kitu kinafanana na mfano wapi, na kinaacha kufanana wapi? Pochi ina salio, sawa. Pesa zimo ndani? Hapana.

2. Nikifuata mfano huu, nitafanya nini? Kama jibu ni kumpa mtu PIN, au kutuma mara ya pili bila kuangalia salio, mfano umeshavunjika.

3. Nani anafaidika nikiona jambo hili ni dogo? Kama anayekuharakisha ndiye anayefaidika, kata simu. Kisha piga mwenyewe namba rasmi ya huduma kwa wateja, ile iliyo kwenye programu au kwenye tovuti, si ile aliyokutajia.

Maswali haya hayahitaji ujuzi wa kompyuta. Wale madevelopa waliomcheka seneta hawakuwa wanauliza zaidi ya hayo: bomba limejaa, sawa, lakini barua ya Ijumaa ilikuwa wapi mpaka Jumanne?

Mfano mzuri hauna haja ya kuogopa swali la namna hiyo. Wa mimba ulipitia swali na ukabaki. Wa mkopo pia, wa harusi pia. Kwa hivyo ukipiga simu huduma kwa wateja na mhudumu akakwambia pesa zako "ziko njiani," una haki ya kuuliza kama Mkenya yeyote: "Njiani wapi? Daftari langu limeandika nini, na la benki limeandika nini?" Ana wajibu wa kukujibu, hata kama wewe mwenyewe unacheka ukiuliza.